Nyumba Juu ya Ekseli: Gari la Kulala Kati ya Kibondo na Kasulu

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari letu, simu yenye tochi ameibana kwa meno. Akaitoa mdomoni akaniita: "Mzee, hebu njoo uone mwenyewe."

Nikalala ubavu pembeni yake. Chuma kinachobeba tangi la maji kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia kwenye tundu la bolti na kupanda hadi kwenye mshono wa kuchomelea. Fundi akakipinda kidogo kwa nondo, ufa ukafunguka. Nusu yake ndani ilikuwa na kutu ya kahawia, nusu nyingine inang'aa kama sarafu mpya. Kutu ile ilikuwa na habari yake: chuma hakikuvunjika siku ile. Kilianza kupasuka zamani, kikaendelea taratibu kila gari lilipotetema, na sehemu inayong'aa ndiyo iliyopasuka juzi na jana, kutoka Nyakanazi hadi Kibondo, na kutoka Kibondo hadi hapa Kasulu.

Injini ilikuwa nzima. Gari lenyewe ni Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli isiyotegemea kompyuta, na mafundi wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kusomewa kitabu ili waifungue. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, na tena Nduta ilipofunguliwa upya mwaka 2015, magari yenye injini za ukoo huo yamepita hapa usiku na mchana. Gari hatukuwa na shaka nalo. Kilichotaka kuanguka barabarani ni nyumba.

Watu wengi wanaotengeneza gari la kulala hufikiria injini kwanza, kisha kitanda, kisha jiko. Uzito huja mwisho, na wengine hawaufikirii kabisa. Nimesafiri na gari hili miaka kadhaa sasa, na kila uharibifu tulioupata kwenye nyanda za juu za Kigoma, nikiufuatilia hadi mzizi wake, naukuta kwenye uzito: umewekwa wapi, umefungwaje, na unateremkaje mlima.

Basi la abiria 29 hubeba karibu tani mbili za watu. Mtu akiambiwa hivyo husema, basi nyumba yangu ya tani moja na nusu ni nyepesi. Lakini abiria wamegawanyika sawasawa kulia na kushoto, wamekaa chini ya usawa wa madirisha, na gari likiyumba miili yao hujiweka sawa. Kabati halijiweki sawa. Sisi tuliweka jiko, friji na kabati la vyombo upande wa kushoto, tangi la lita 200 nyuma ya ekseli ya nyuma, betri mbili chini ya kitanda, na juu ya paa tairi mbili za akiba pamoja na madumu mawili ya dizeli. Tangi likijaa ni kilo 200 za maji, na kwa kuwa lilikuwa nyuma ya ekseli, liliikandamiza nyuma na kuinyanyua mbele. Usukani ukawa mwepesi. Siku za mwanzo nilidhani ni raha ya gari. Kumbe tairi za mbele zilikuwa zimepoteza uzito wa kushika barabara.

Pima gari lako likiwa limejaa kila kitu: maji, mafuta, chakula, vitabu, watu. Ukifika kwenye mizani ya barabarani, omba uzito wa kila ekseli, si jumla peke yake. Jumla inaweza kuwa halali huku ekseli moja inateseka.

Sasa njia yenyewe. Barabara kuu ya ukanda huu imebadilika sana. Mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, na kipande cha Kidahwe–Kasulu ni kilomita 63 nyingine. Anayekumbuka safari za msafara wa polisi kwenye barabara hii, mabasi yakisubiriana ili yasindikizwe kwa hofu ya majambazi, anajua maana ya lami hapa. Lakini anayesafiri na gari la kulala hakai kwenye lami. Anataka kulala karibu na mto, anataka kuingia Heru Juu, kwenda Mabamba mpakani. Akiiacha lami tu, anakutana na moramu nyekundu.

Moramu ikikauka huota mawimbi madogo ya kukingama barabara, moja baada ya jingine kama bati la paa. Mwaka 2007 watafiti Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walipitisha gurudumu juu ya mchanga maabarani, wakaona mawimbi hayo yanajiunda hata gurudumu likiwa halina springi, mradi tu mwendo umepita kiwango fulani kidogo. Kwa maneno mengine, barabara hupata bati kwa sababu magari yanapita, si lazima pawe na dereva mbaya wala mkandarasi mbaya. Usitegemee kulikwepa, jipange kuliishi.

Madereva wa magari madogo huongeza mwendo hadi tairi zinaruka kutoka kilele hadi kilele, na kweli usukani unatulia. Gari la kulala lisiige. Tairi zinazoruka hazishiki breki wala kona, na shokapu zinazopiga haraka hivyo hupata moto, mafuta yake yanapoteza nguvu ya kuzuia, kisha springi inacheza itakavyo. Sisi hubaki kwenye kilomita 25 hadi 30 kwa saa, na kila baada ya saa moja tunasimama. Nagusa shokapu kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa moja ni ya baridi wakati nyingine tatu ni za moto, hiyo ya baridi imekufa: haifanyi kazi, ndiyo maana haikupata joto.

Kwenye vituo hivyo ndipo kazi ya kweli ya matunzo inapofanyika, zaidi ya gereji. Kwanza naangalia katikati ya tairi pacha za nyuma. Jiwe la ukubwa wa ngumi hupenda kubanwa pale, na likikaa kilomita 20 linakula kuta za tairi zote mbili kwa pamoja. Tunalitoa kwa nondo fupi. Pili, upepo. Kwenye moramu legevu kupunguza upepo kidogo husaidia tairi kumeza mawe, lakini kwenye tairi pacha zenye mzigo usizidishe: zikilegea sana kuta zake hugusana, zinasuguana na kuungua kutoka ndani pasipo dereva kuona. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Beba pampu yako ya umeme wa betri.

Tatu, nati za magurudumu. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya aina hii gurudumu la ndani lina nati zake, na la nje lina zake zinazofungwa juu ya hizo za ndani. Ukikaza za nje peke yake hujakaza la ndani. Inabidi ulegeze ya nje, ukaze ya ndani, kisha urudishe ya nje, moja moja. Na upande wa kushoto nyuzi zake mara nyingi zimegeuzwa: kufungua ni kuzungusha kwa kulia. Nimeona kijana mwenye nguvu akikata stadi kwa sababu hakuna aliyemwambia. Tazama kichwa cha stadi. Ikiwa na herufi L, geuza mawazo yako kabla hujageuza spana. Na kila gurudumu lililofunguliwa kwa pancha likazwe tena baada ya kilomita 50.

Vumbi nalo lina akili yake. Gari lenye umbo la boksi likitembea huacha nyuma yake hewa nyembamba inayovuta vumbi lirudi kwenye mlango wa nyuma, na kila tundu ni mdomo. Tulipofunga madirisha yote tukidhani tunajikinga, tulifika Kibondo shuka zina rangi ya tofali. Dawa yake ilikuwa kinyume: funga vyote vya nyuma, ziba mzingo wa mlango kwa mpira, kisha fungua kidogo tundu la paa la mbele ili upepo uingie na kuisukuma hewa ya ndani itoke nje kupitia nyufa. Kuhusu filta ya hewa ya injini sina mengi: ikague kila jioni ya kiangazi, ipulize kutoka ndani kwenda nje, na usiikung'ute kwenye jiwe.

Mvua ikinyesha, na hapa huanza kama Oktoba au Novemba na kudumu hadi Aprili au Mei, udongo ule ule mwekundu unakuwa sabuni. Barabara za vijijini zimeinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, na gari refu lenye mzigo juu linateleza kuelekea mtaroni hata likiwa limesimama. Hapo ndipo tairi mbili za akiba juu ya paa zilipotutisha. Nje kidogo ya Makere gari liliegemea kushoto, upande ule ule wa jiko na friji, na mama watoto akawatoa wanangu kupitia dirisha la kulia bila kusubiri kuambiwa. Lilisimama lenyewe, halikuanguka. Wanakijiji waliokuja na majembe walitushauri jambo moja tu: msiende leo, kaeni, jua litakausha. Tulikaa saa tano. Jua likafanya kazi ambayo minyororo na fowili visingeifanya. Gari lenye kitanda na jiko ndani halina sababu ya kulazimisha njia baada ya mvua.

Tulipotoka hapo tairi za akiba zilishuka kutoka kwenye paa, na hazijapanda tena. Moja iko chini ya chesisi, nyingine nyuma ya kiti cha dereva.

Nyanda hizi ziko juu ya mita 1,200, na Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Tofauti hiyo inateremkwa, na ikiteremkwa na nyumba mgongoni breki zinaongea. Sheria yangu ni kuchagua gia kabla ya mlima kuanza, ile gia ambayo ningeitumia kuupanda, na kuiacha injini ishike gari. Ikiwa gari lina breki ya egzosti, ndiyo mahali pake. Mguu ukanyage breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha uachie zipoe. Kuzigusagusa mfululizo kwa kilomita tano ndiko kunakozichoma. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, na yakishanyonya maji hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke kwenye bomba, na mvuke unakandamizika: pedali inazama na gari haliko tayari kusimama. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama fundi anasema bado ni masafi.

Jambo moja la ndani ya nyumba siwezi kuliacha, kwa sababu linaua. Usiku wa Juni na Julai Kibondo ni baridi, na mtu akiwa na jiko la mkaa hushawishika kuliingiza ndani ya gari lipashe joto. Usifanye hivyo hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya mkaa inayoua haina rangi wala harufu, na aliyelala hasikii kitu. Vaa sweta, ongeza blanketi. Na mtungi wa gesi ukae kwenye kisanduku chake chenye tundu la kutokea chini, si juu, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala sakafuni, pale pale walipolala watoto.

Fundi wa Kasulu hakukubali kuuchomelea tu ule ufa. "Nikichomelea hapa, mzee, utapasuka pembeni yake. Tangi lenyewe ndilo limekaa vibaya." Tukalihamisha mbele ya ekseli ya nyuma, chini, katikati ya chesisi. Akakata vipande vya tairi kuukuu akaviweka kati ya tangi na chuma, akalifunga kwa mikanda miwili ya bati pana badala ya bolti nne za pembeni, ili mtetemo usambae usikusanyike kwenye tundu moja. Nikamwomba aweke pia kizuizi ndani ya tangi kinachoyakata maji yasiruke kutoka ukuta hadi ukuta linapokuwa nusu. Akasema hilo litahitaji siku ya pili, nikabaki siku ya pili.

Kabla hatujaondoka alichukua kopo la rangi nyeupe na kijiti. Kwenye kila nati ya mikanda, ya springi na ya shokapu, alichora mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika.

Tulishuka Kidahwe taratibu kwa gia ya tatu, tukaingia Kigoma jioni. Watoto walikimbilia ziwani, mimi nikaingia chini ya gari na tochi. Mistari kumi na tano ilikuwa imenyooka. Wa kumi na sita, kwenye yubolti ya springi ya nyuma kushoto, ulikuwa umekatika kwa upana wa punje ya mchele. Nikachukua spana.