Mamba Asiyekuwamo Ziwani: Tafakuri za Nje katika Insha za Wanafunzi wa Gisenyi

Safari hii safu yetu ya uhakiki haitazungumzia riwaya wala diwani. Itazungumzia maandishi ambayo kila mwalimu wa Kiswahili huyasoma kila wiki lakini ni wachache wanaoyahakiki, yaani insha za wanafunzi. Aina ninayoikusudia ni insha ya tafakuri, ile ambayo mwanafunzi huagizwa akae nje, peke yake, kisha aandike alichokiona na alichokiwaza.

Fungu la insha za namna hiyo nilikabidhiwa na mwalimu mwenzangu nilipomtembelea Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu ulioko kaskazini mwa Ziwa Kivu. Wanafunzi walitakiwa kuandika juu ya saa moja ya utulivu kando ya ziwa. Nilizisoma kwa hamu, na nilipozimaliza nilikuwa na jambo la kusema juu yao, na jambo jingine zito zaidi la kusema juu yetu sisi tunaowasahihisha.

1. Mamba wa daftarini

Insha nyingi zilikuwa safi. Sarufi ilikuwa nzuri kwa watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyarwanda. Aya zilipangwa vizuri, na methali zilikaa mwanzoni na mwishoni kama walinzi wawili wa lango. Hata hivyo, katika insha baada ya insha, ziwa nililokuwa nikiliona dirishani halikuwamo. Jua lilichomoza kutoka mashariki likitabasamu, ndege wakatumbuiza, upepo wa kaskazi ukavuma na kutikisa minazi. Katika insha moja mamba alitoa kichwa majini, akamtazama mwandishi, akazama tena.

Ndugu zangu, Ziwa Kivu halina mamba. Halina viboko pia. Kaskazi ni upepo wa Bahari ya Hindi. Huwapeleka mabaharia wa Pwani, wala haufiki kwenye ufuko ulioko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mamba yule hakutoka ziwani. Alitoka katika kitabu cha kiada, akapitia ubaoni, akaingia daftarini, na hakuna aliyemsimamisha njiani. Mwanafunzi alikaa kando ya maji, akafumba macho, akaandika ziwa la mtu mwingine.

Simlaumu. Tumemfundisha kwamba Kiswahili kizuri kina mapambo yake, na kwamba alama zimefichwa ndani ya mapambo hayo. Mwanafunzi mwerevu huzifuata alama ziliko.

Kinachosikitisha ni kwamba ziwa la kweli lina utajiri kuliko lile la daftarini. Kina chake kinapita mita 470, na katika maji yake ya chini mmeyeyuka gesi nyingi ya methani na kaboni dioksidi. Nyuma ya mji, upande wa Kongo, umesimama mlima Nyiragongo. Januari 2002 lava yake ilipita katikati ya mji jirani wa Goma. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara za Rubavu. Katika miaka ambayo lava imejaa kreta, wingu lililo juu ya mlima huwa jekundu usiku.

Hapa ndipo penye swali la uhakiki. Utulivu wa mahali kama hapa ni utulivu wa namna gani? Mtu anayeketi kimya Gisenyi ameketi juu ya ardhi anayoijua kuwa haijalala. Ameketi pia kando ya mpaka ambao Julai 1994 watu mamia ya maelfu waliuvuka kwa miguu. Kimya chake kina kumbukumbu ndani yake. Insha inayosema tu kwamba mazingira yalikuwa tulivu na ya kupendeza haijadanganya, lakini haijasema lolote.

2. Sambaza

Katika fungu lile mlikuwa na insha moja fupi iliyoandikwa na msichana. Alieleza jinsi anavyomsubiri mama yake alfajiri, mitumbwi ya uvuvi inaporudi. Alisema mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti mirefu ya mikaratusi, na wavu hushushwa katikati usiku huku taa zikiwavuta samaki. Wavuvi huimba wanapopiga makasia, na kwa wimbo huo mama yake hujua kama wamepata au wamekosa kabla mtumbwi haujafika. Kisha akaandika kwamba yeye hupenda ule muda kati ya wimbo kunyamaza na ndoo kujaa, kwa sababu hapo hakuna anayemtuma kitu.

Hapakuwa na mamba wala methali. Mwalimu wake alikuwa amempa alama za wastani, akakata neno “sambaza” kwa wino mwekundu na kuandika juu yake “dagaa”.

Naomba kukiri hapa. Nilipoiona kalamu ile nyekundu sikushangaa, kwa sababu miaka iliyopita, nikisaidia kusahihisha mitihani, nami nililikata neno hilohilo mara nyingi. Niliona ni neno la mtaani, la kuvuka mpaka, na kwamba Kiswahili sanifu kina neno lake.

Kesho yake alfajiri nilikwenda ufukoni. Nikamwendea mama mmoja mwenye ndoo, nikamuuliza bei ya dagaa.

“Dagaa hakuna, papa,” akasema. “Kuko sambaza.”

“Mama, kwani hizi si dagaa?”

Akanitazama kwa huruma. “Ndagala ni ile ya kukauka, inatoka Tanganyika. Hii ilikuwa mu ziwa usiku.”

Basi nilikuwa nimekosea mara mbili. Nilidhani kuna kitu kimoja chenye majina mawili, moja sahihi na moja la mitaani. Sokoni vitu ni viwili, na kila kimoja kina jina lake. Aliyemsahihisha yule msichana alimtolea ndoo ya samaki wabichi na kumwekea gunia la samaki wakavu, halafu akamwambia kwamba sasa sentensi yake imenyooka.

Jambo hili lina kichekesho chake pia. Samaki huyu hakuwa mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, akalisha watu, akapata jina jipya. Kiswahili nacho kilifika huku kikitoka mbali, pamoja na misafara, askari na wafanyabiashara, na baadaye kikaimarishwa na biashara ya mpakani na Wanyarwanda waliokulia Kongo. Tunamruhusu samaki awe mwenyeji. Sijui kwa nini lugha tunaidai kila siku cheti cha kuzaliwa Pwani.

3. Walivyofanya waliotutangulia

Huenda mtu akasema kwamba tafakuri ya nafsi ni jambo la kigeni katika maandishi ya Kiswahili. Sikubaliani naye. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, na katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini alisimulia maisha yake mwenyewe. Tukumbuke kwamba aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akadumu katika kazi hiyo hadi 1944. Mtu aliyekaa miaka hiyo yote mahali ambapo mizigo na watu hupita angeielewa Gisenyi upesi. Shule zetu zimechukua kwake sauti ya mawaidha na kuuacha ushahidi wa maisha. Tumebaki na hekima isiyo na mtu.

Mfano wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Yeye naye alikuwa mtoto wa ziwa. Rosa Mistika, iliyotoka 1971, imekaa Ukerewe kwa majina na kwa maisha, na haikuhitaji kuazima mandhari ya Pwani ili ihesabiwe kuwa fasihi ya Kiswahili. Mashairi yake huru ya Kichomi, 1974, yalizua ubishi mkali juu ya kanuni. Ubishi ule umekwisha kupoa, na leo tunamfundisha katika madarasa yetu. Funzo ni kwamba mwandishi wa bara anaweza kuandika kutoka ufuko wake, na lugha isipungue.

4. Kalamu nyingine

Mwalimu mwenzangu alinionyesha pia vipande ambavyo wanafunzi walewale huandika kwa simu na kuviweka kwenye mtandao. Wengi wetu tunaviona vipande hivi kuwa uharibifu wa lugha. Nakiri kwamba vingi ni vibaya: picha ya machweo, nasaha ya mistari miwili iliyonakiliwa, na mwandishi anayesubiri kusifiwa. Huyu naye ana mamba wake, ila amebadilisha daftari.

Lakini vingine vilinishangaza. Mwanafunzi aliyemwandika mamba katika insha alikuwa ameandika kwa simu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda, juu ya usiku wa matetemeko ya 2021, familia yake ilipolala nje na yeye kuzihesabu nyota ili asihesabu mitikisiko. Mambo hayo aliyaona mwenyewe. Kwa nini hakuyaleta darasani? Alipoulizwa, alisema hakudhani ni Kiswahili cha kutosha.

Jibu hilo limenikaa moyoni. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu kama Ndesanjo Macha wa Tanzania walikwisha kuonyesha kwamba mtu anaweza kuandika fikra zake kwenye mtandao kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa ya mhariri. Uhuru huo ni mali. Hasara yake ni kwamba hakuna anayemrudia mwandishi na kumwambia, sentensi hii ni nzuri, ile iondoe. Darasani yuko mwenye jicho la kusoma, lakini mwanafunzi haji na maisha yake. Kwenye simu maisha yapo, lakini msomaji hupita haraka. Kazi yetu ni kuvikutanisha.

5. Pingamizi la usanifu

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na nchi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mwanafunzi anatakiwa aeleweke Dodoma na Nairobi. Tukiruhusu “sambaza” leo, kesho tutaruhusu “batu” na “mayi”, na mtihani utamhukumu mtoto wetu.

Pingamizi hili lina uzito, na sipendekezi tulipuuze. Napendekeza tutenganishe mambo mawili. Upatanisho wa ngeli, viambishi na miundo ya sentensi ni mali ya wote. Hapo mwalimu asahihishe bila huruma, “batu” iwe “watu”. Majina ya vitu vya mahali ni jambo jingine. Sambaza, au amashyuza, zile chemchemi za maji moto za Nyamyumba, si makosa ya sarufi. Ni vitu vilivyopo. Msomaji wa Dodoma asiyevijua ataelezwa kwa kishazi kimoja, kama sisi tulivyoelezwa jahazi na ngalawa tukiwa hatujawahi kuiona bahari. Na pale mhusika anapozungumza, aachwe aseme “kuko” akitaka. Yule mama wa ndoo angesema “hakuna dagaa, kuna sambaza”, nisingemwamini.

6. Mapendekezo na hitimisho

Kwa walimu na wanafunzi wa ualimu wanaosoma ukurasa huu, natoa mapendekezo machache niliyoyajaribu baada ya safari ile.

Kwanza, kabla ya kuandika, mwanafunzi akae nje dakika ishirini bila simu na bila daftari. Akirudi, aorodheshe vitu kumi alivyoviona au kuvisikia kwa majina yake, hata kama jina ni la Kinyarwanda. Kutafuta neno la Kiswahili kuje baadaye, na darasa zima lisaidie.

Pili, rasimu ya kwanza isiwe na methali. Methali ikija baada ya mtu kuona, itakuwa imepata kazi. Ikija kabla, itamziba macho.

Tatu, anayependa kuandika kwa simu alete kipande kimoja darasani, nacho kisahihishwe kwa heshima ileile tunayoipa insha.

Nne, na hili ni letu sisi, kabla ya kukata neno kwa wino mwekundu tumuulize mwanafunzi: kitu hiki ni kipi? Nilipojaribu kufanya hivyo, nusu ya makosa niliyokuwa nayaona yaligeuka kuwa maarifa ambayo mimi sikuwa nayo.

Insha ya yule msichana niliirudisha kwa mwalimu wake pamoja na maelezo ya mama wa ufukoni. Tulikaa tukaisoma upya sote wawili. Alilifuta neno “dagaa”, akaandika “sambaza” juu ya wino wake mwenyewe, kisha akairekebisha alama. Halikuwa jambo kubwa. Lakini nadhani mtoto akilikuta neno lake limerudishwa mahali pake, safari nyingine atakapokaa kando ya ziwa hatafumba macho.

Maoni ya wasomaji kuhusu mada hii yanakaribishwa kwa toleo lijalo.