Friji Juu ya Lori

Kimbunga Ivan kilipokuwa kikipanda kutoka kusini mwa Karibi, Septemba 2004, kilikuwa kimeshaiponda Grenada na kuua watu 39 huko. Cuba ilikuwa na siku chache tu za kujiandaa. Katika siku hizo karibu watu milioni 2 walitolewa kwenye nyumba zao. Ivan kikapita kando ya ncha ya magharibi ya kisiwa, mkoa wa Pinar del Río, kikiwa na nguvu za daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa. Cuba haikupoteza mtu hata mmoja.

Wengi wakisikia habari hiyo hujibu haraka kwamba serikali ya kule ina mkono mzito, ikisema toka unatoka. Kuna ukweli ndani yake. Lakini amri peke yake haimnyanyui bibi aliyelala kitandani miaka mitatu, wala haimtoi mtu kando ya friji aliyoipata kwa kudunduliza. Kazi hiyo ina ufundi wake, na ufundi huo ndio unaostahili kufunguliwa skurubu moja moja.

Wacuba walijifunza kwa msiba. Oktoba 1963 kimbunga Flora kiliingia mashariki mwa kisiwa, na badala ya kupita kikazunguka palepale kwa siku kadhaa, kikimwaga mvua juu ya milima na bonde la mto Cauto. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wao kwa mafuriko. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya kuunda mfumo wa ulinzi wa raia, Defensa Civil, na mabwawa yakaanza kujengwa kwa wingi ili kuyadhibiti maji ya mito. Mpaka leo, kabla kimbunga hakijafika, wahandisi hukagua mabwawa hayo na kufungulia maji inapobidi ili kuipa mvua nafasi.

Saa ya maandalizi inaanza kuhesabiwa na taasisi ya hali ya hewa, INSMET. Nchi hupitishwa katika awamu nne. Awamu ya taarifa hutangazwa kama saa 72 kabla ya kimbunga, ya tahadhari kama saa 48, na ya hatari kama saa 24. Ya nne ni ya kurejesha hali, nayo huja upepo ukishatulia. Thamani ya mpangilio huu iko katika kazi zilizofungamanishwa na kila awamu. Ikitajwa tahadhari, dereva wa lori anajua anatakiwa wapi, mwalimu mkuu anajua madarasa yanageuka mabweni, na mwokaji mikate anajua aanze kukanda unga mwingi kuliko kawaida. Hakuna anayengoja kupigiwa simu aulizwe ana maoni gani.

Kwa miaka mingi aliyetangaza habari hizo kwenye televisheni alikuwa José Rubiera, mkuu wa watabiri wa INSMET, aliyesimama mbele ya ramani na kueleza kwa maneno ambayo mkulima wa tumbaku na profesa waliyaelewa sawasawa. Mazoea ya kumsikiliza mtabiri ni ya tangu zamani kule: padri Mjesuti Benito Viñes, wa chuo cha Belén mjini Havana, alichapisha gazetini utabiri wa kimbunga tarehe 11 Septemba 1875. Na tangu 1986, kila mwaka kabla msimu haujaanza tarehe 1 Juni, nchi nzima hufanya zoezi la siku mbili liitwalo Meteoro. Ving'ora hulia, viongozi wa mitaa hupitia mipango yao, mifereji huzibuliwa, na matawi yanayoning'inia juu ya nyaya za umeme hukatwa.

Lakini vyote hivyo ni maandalizi ya jambo moja dogo: mtu kubisha hodi kwenye mlango wa jirani anayemjua kwa jina.

Kila mtaa wa Cuba una kamati ya wakazi, CDR, iliyoanzishwa 1960. Awali ziliundwa kuwapeleleza wapinzani wa mapinduzi, na Wacuba wengi bado wanazichukia kwa sababu hiyo. Haitakuwa haki kuusifu mfumo huu bila kulisema hilo. Hata hivyo jicho lile lile linalochungulia nani kapokea mgeni usiku ndilo linalojua nani ana ujauzito wa miezi minane, nani anatumia mashine ya kupumulia, paa la nani ni la makuti na la nani ni la zege. Pembeni ya kamati wapo daktari na muuguzi wa familia, mpango ulioanza 1984, ambao wanaishi mtaani humo humo na wana mafaili ya wagonjwa wao. Orodha ya walio hatarini haianzi kuandikwa kimbunga kikiwa baharini. Ipo tayari, inasahihishwa tu. Wajawazito waliokaribia kujifungua huondolewa mapema na kuwekwa karibu na hospitali, kwa sababu uchungu haungoji upepo upungue.

Msomaji wa Tanzania hapa atamkumbuka balozi wa nyumba kumi, na wa Kenya ataukumbuka mpango wa Nyumba Kumi uliozinduliwa 2013 kwa ajili ya usalama. Muundo ni ule ule, ila kwetu haujawahi kukabidhiwa kazi ya kimbunga, ingawa vimbunga si wageni kabisa pwani hii. Mwaka 1872 kimoja kilivunja mikarafuu ya Unguja, mwaka 1952 Lindi ikapigwa, Aprili 2019 Kenneth kikawatia hofu watu wa Mtwara kabla ya kuishukia Cabo Delgado, na Mei 2024 Hidaya kikafika hadi Mafia.

Jambo linalowashangaza zaidi wageni ni mahali watu wanakopelekwa. Mtu akisikia milioni 2 wamehamishwa, huona akilini mahema, viwanja vya mpira na foleni ya magari isiyo na mwisho. Kumbe wengi wao hawavuki hata mto. Wanakwenda kwa shangazi, kwa rafiki, au kwa jirani wa mtaa wa pili mwenye dari ya zege. Shule na kumbi za serikali huchukua waliobaki. Familia inayopokea huwa imeshakubaliana na inayokuja miezi mingi kabla. Wakifika, sufuria ni moja na magodoro yanatandikwa sebuleni.

Linganisha na Houston, Texas, Septemba 2005. Wiki chache zilikuwa zimepita tangu kimbunga Katrina kiangamize New Orleans, na picha zake zilikuwa bado machoni. Kimbunga Rita kilipoonekana kuelekea Texas, mamilioni ya watu waliingia kwenye magari kwa wakati mmoja na kushika barabara za kwenda bara. Magari yalisimama kwa saa nyingi juani, mafuta yakaisha, injini zikachemka. Basi lililokuwa limebeba wazee wa nyumba ya kulelea liliwaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Kwa jumla zaidi ya watu 100 walifariki katika kule kukimbia, na mwishowe kimbunga chenyewe kikapinda mashariki na kuiacha Houston bila pigo kuu. Jiji lile lilikuwa na barabara pana, magari na fedha. Lililokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye nyumba imara mbali na bahari abaki alipo, na kumwonyesha wa pwani dari ya karibu iliyo salama.

Sasa tuje kwenye friji.

Kikwazo kikubwa cha kumhamisha mtu maskini ni vitu vyake. Kwa familia ya Cuba, friji na televisheni ni akiba ya miaka, na vikiharibika haijulikani vitapatikana lini tena. Defensa Civil imelielewa hilo, na kwa hiyo lori la kuhamisha watu hubeba na vyombo. Lori linarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni. Vijana wanne wanaitoa friji iliyofungwa kamba na kuviringishwa nailoni, wanaiegemeza kwenye ubao, wanaisukuma juu. Televisheni inafuata ikiwa ndani ya blanketi, kisha godoro, kisha kreti la kuku. Mwenye nyumba anapanda mwisho na bahasha ya vyeti kifuani. Walinzi hubaki mtaani ili mwizi asipate mwanya. Mtu aliyekwisha kuona friji yake iko salama hana sababu ya kung'ang'ania kizingiti, na askari hana haja ya kumvuta. Katika hesabu zote za maafa, lita chache za dizeli zinazobeba friji huenda ndizo fedha zinazofanya kazi kubwa kuliko zote.

Wanaobaki majumbani nao hawakai bure. Matangi ya maji juu ya paa hujazwa hadi mdomoni, kwanza ili yawe mazito yasipeperuke, pili kwa sababu bomba litakauka siku kadhaa. Mabati huwekewa mifuko ya mchanga au hufungwa kwa waya. Parachichi na ndizi huvunwa mbichi, maana upepo haubakishi kitu mtini, na nyama yote ya kwenye barafu hupikwa. Dirishani wengine hubandika utepe wa gundi kwa umbo la msalaba. Hiyo haiongezi nguvu ya kioo hata kidogo, ni mbao tu zinazokilinda, lakini mbao ni adimu. Wavuvi huingiza mashua kwenye vijito vya mikoko na kuzifunga kamba pande zote, namna ambayo mvuvi wa Rufiji au Lamu angeitambua mara moja. Upepo ukizidi kiwango kilichowekwa, shirika la umeme huzima njia zake makusudi, kusudi waya ukianguka usiue mtu.

Uangalifu huo huvuka hata binadamu. Mwaka 2017, kimbunga Irma kikikaribia visiwa vidogo vya kaskazini, pomboo 6 wa bustani ya majini ya Cayo Guillermo walifungwa vitambaa vilivyoloweshwa na kurushwa kwa helikopta hadi Cienfuegos, upande wa kusini.

Mfumo huu huokoa pumzi, hauokoi nyumba. Tarehe 30 Agosti 2008 kituo cha Paso Real de San Diego kilipima dharuba ya kimbunga Gustav kwa kilomita 340 kwa saa kabla kifaa chenyewe hakijavunjika. Hakuna Mcuba aliyekufa, ila nyumba zaidi ya 100,000 ziliharibika, na familia nyingi zilisubiri mabati kwa miaka. Na pale ambapo kuta zenyewe zimechoka, hata uhai huponyoka. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kiliua watu 11 mashariki, hasa Santiago de Cuba, mji ambao ulikuwa umekaa muda mrefu bila kupigwa vibaya. Irma nacho kiliua 10, ingawa zaidi ya milioni 1.7 walikuwa wamehamishwa, na wengi wa waliokufa walikuwa Havana, katika jiji la maghorofa makongwe yenye roshani zinazodondoka hata siku ya jua.

Pigo jingine lilionyesha pengine pa kuvunjika. Tarehe 18 Oktoba 2024 gridi ya taifa ilianguka na Cuba nzima ikaingia gizani. Siku mbili baadaye Oscar, kimbunga kidogo ambacho mifano ya kompyuta ilikuwa imekipuuza, kikatua karibu na Baracoa na kumwaga mvua kubwa juu ya milima ya Guantánamo. Taarifa, tahadhari na hatari, ambazo kwa kawaida hupewa siku tatu, zilibanwa ndani ya muda mfupi mno, tena kwa watu ambao televisheni zao zilikuwa zimezima na simu hazina chaji. Katika wilaya za San Antonio del Sur na Imías maji yalipanda usiku, na watu wasiopungua 7 walikufa. Waokoaji walipowafikia wengine, vitanda na friji vilikuwa vimeshazama kwenye tope.