Sauti Sita, Pumzi Moja

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki hadithi na mashairi. Safari hii naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki kitu ambacho hakikuchapishwa popote: demo ya sauti, dakika 3 na sekunde 40, iliyorekodiwa na kijana mwenzetu wa hapa Dar es Salaam anayetafuta kazi ya kuigiza sauti za wahusika. Jina lake nimelihifadhi kwa makubaliano yetu wawili. Maneno yote haya ameyasoma kabla hayajamfikia mhariri, na ni sentensi moja tu aliyoomba ifutwe. Nimeifuta.

Kwa nini demo? Kwanza, ndani yake mna wahusika sita, na mhusika ni mali yetu sote tunaoandika. Pili, jamaa huyu anakaanga chipsi usiku, na akiba yake ya miezi minne ndiyo aliyolipia studio. Kazi ikaisha, akaipeleka sehemu tatu. Kote kimya, hata "asante tumepokea" hakuna. Wakati huohuo marafiki zake wote waliosikiliza wamempa jibu lilelile: "Kaka, umetisha!" Sasa mtu aliyewatisha watu kumi na wawili na bado hajaitwa hata kwenye majaribio ana haki ya kuuliza ni nani kati ya hao aliyesikiliza kweli.

Sanaa yenyewe si ngeni kwetu. Wazazi wetu waliokua na Radio Tanzania hawajasahau Mama na Mwana ya Debora Mwenda, ambamo hadithi ilifika sebuleni kwa sauti peke yake. Mwaka 1993 redio hiyohiyo ilianza kurusha Twende na Wakati, na nchi nzima ikamjua Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njia nzima, ingawa hakuna msikilizaji aliyewahi kuona sura yake wala lori lake. Kisha wakaja mafundi wa mabanda ya video, na mkubwa wao ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye alikaa mbele ya filamu za kigeni na kuwasemea watu wote kwa Kiswahili: shujaa, adui, bibi harusi, mpaka wapita njia. Mtu mmoja na kipaza sauti! Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na mwaka 2016 StarTimes wakaendesha mashindano ya kusaka sauti hapa nchini, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kwa upande wa katuni, Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa mwaka 2014, nayo imetengenezwa hapahapa Dar. Kwa hiyo kijana wetu haoti ndoto za mchana. Kazi ipo. Swali ni kama demo yake inamfikisha mlangoni.

Haimfikishi. Hebu tuanze na sekunde 22 za mwanzo. Kuna kinanda, kisha mwenyewe anajitambulisha kwa sauti ya mtangazaji wa matangazo ya vifo na harusi: jina, mtaa, kipaji alichozaliwa nacho, ndoto zake. Anayesikiliza demo ana rundo la nyingine mezani, na jina tayari analiona kwenye bahasha. Desturi ya kazi hii ni kwamba demo ya wahusika haipiti sana dakika moja, kila sauti inapewa sekunde chache tu, na ile iliyo bora kuliko zote inatangulia. Jamaa ametumia theluthi ya dakika hiyo kutuambia ataigiza. Wenzangu waandishi, msicheke. Nimesoma miswada ya riwaya yenye kurasa kumi za jua kuchomoza kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

Mhusika wa kwanza ni babu. Anatetemeka sauti, anakohoa mara tatu, anawausia wajukuu. Kwa nini kila babu wa kuigiza lazima akohoe? Nina babu mzaa mama mwenye miaka zaidi ya themanini, na nguvu anayotumia kumfokea kondakta sijui anaitoa wapi. Lakini kikohozi ni kosa dogo. Kosa lenyewe ni kwamba babu huyu hataki kitu chochote. Anausia kwa sababu mababu wa hadithini huusia. Mpe basi shida: amekunywa soda aliyokatazwa na daktari na sasa anamdanganya binti yake, chupa iko chini ya kiti. Hapo sauti itazeeka yenyewe, kwa sababu kutakuwa na mzee mwenye jambo moyoni.

Wa pili ni mlinzi Mmasai, na hapa ndipo watu wote walipocheka. Hata mimi nilitabasamu. Halafu nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena nikijaribu kuiondoa ile lafudhi kichwani mwangu. Aisee, chini yake hakuna mtu! Kuna matamshi ya kuchekesha, basi. Hatujui kama mlinzi huyu ni mwoga au jasiri, kama anamheshimu tajiri yake au anamdharau, kama mwizi anayesema amemwona alimwona kweli au alikuwa amelala. Tumezoea vibaya. Wachekeshaji wetu wanamchukua Msukuma, Mchaga, Mpemba, wanamkoroga ulimi, na kazi imekwisha. Huko Kenya nako mambo ni hayohayo kwa Mluo na Mkikuyu. Lafudhi ni sehemu ya mtu kama nguo zake zilivyo sehemu yake, ila nguo huning'inia hata kwenye msumari. Na tukumbuke kwamba msikilizaji wa kwanza wa demo hiyo anaweza kuwa Mmasai mwenyewe, aliyevaa suti, anayetafuta mtu wa kumwigiza mwalimu mkuu.

Wa tatu ni zimwi. Ananguruma kutoka kooni, anakwaruza, anatisha kweli, nakubali. Lakini sikilizeni polisi anayemfuata: sauti yake ina mkwaruzo ambao si wake. Ni mabaki ya zimwi. Koo limeumia na halijapona! Katika kuingiza sauti mtu hukaa mbele ya kipaza sauti saa nyingi akirudia mistari. Sauti inayokuua kwa sekunde kumi na tano huwezi kuiuza, kwa sababu mteja akiipenda atataka vipindi ishirini na sita. Afadhali zimwi litafutwe kwenye kasi na ukimya. Zimwi linalonong'ona polepole kama mtu anayechagua embe sokoni linaweza kutisha kuliko linalonguruma.

Polisi nampita haraka. Ni polisi wa kila filamu ya Bongo, na anasema kile ambacho polisi wote wa filamu za Bongo husema.

Wa tano ni mtoto, na hapa, ndugu msomaji, nilikaa sawasawa kwenye kiti. Mtoto anamsimulia mama yake jinsi kaka yake alivyovunja chungu. Anaanza neno, pumzi inamwishia katikati, anavuta hewa, anaanza tena neno lilelile kwa haraka zaidi, kisha anasahau uongo aliokuwa ameupanga. Watoto ndivyo walivyo. Kijana huyu hakubana pua tu akapandisha sauti, kama wafanyavyo wengi. Alikaa mahali akamsikiliza mtoto wa kweli. Si kazi rahisi. Hata wenzetu wa Marekani, mtoto wa kiume wa katuni Bart Simpson tangu mwaka 1987 anasemewa na mwanamke mtu mzima, Nancy Cartwright, ambaye alikwenda kujaribiwa kwa nafasi ya dada mtu, akaiona ya Bart, akaomba asomee hiyo. Aliijua sauti yake iko wapi. Wa kwetu anayo sauti ya thamani na ameifukia dakika ya tatu, ambako pengine katika zile sehemu tatu hakuna aliyefika.

Wa mwisho ni mama mkwe, na ndiye aliyenionyesha ugonjwa wa demo nzima. Anamfungulia mkaza mwana mlango na kusema: "Umekuja." Nimerudia mara nane na sijui kama anauliza au anasema. Kiswahili chetu kina siri hii, kwamba "umekuja" ya kuuliza na "umekuja" ya kutamka hazitofautiani hata herufi. Kwenye karatasi tunasaidiwa na alama ya kuuliza, lakini mdomoni ni wimbo wa sauti peke yake. Na kati ya hizo mbili kuna nyingine nyingi: umekuja ya mpenzi aliyekata tamaa, umekuja ya anayekudai, umekuja ya mama mkwe aliyeomba Mungu gari liharibike njiani. Mwigizaji hakuchagua. Alisoma.

Alisoma! Baada ya kugundua hilo nikaisikiliza demo yote nikiwa nahesabu pumzi badala ya maneno. Babu, mlinzi, zimwi, polisi, mama mkwe, wote wanavuta hewa palepale penye mkato, kwa muda uleule, kama wanafunzi wa darasa moja. Sauti zimebadilishwa na mtu amebaki mmoja, ana karatasi mkononi. Ni mtoto tu anayepumua kivyake, na nilipomuuliza akaniambia kweli, kipande kile hakukiandika, alikitoa kichwani.

Kuhusu mitambo sina mengi. Chumba kina mwangwi, na kila "p" inapiga kipaza sauti kama kofi. Kwa pesa aliyotozwa, wenye studio wangeweza kumsogeza nyuma kidogo na kutundika mablanketi ukutani. Hilo halihitaji kipaji.

Sasa nirudi kwa wale marafiki kumi na wawili, maana siwalaumu kwa upendo wao. Shida ni swali waliloulizwa. Jamaa alimwekea kila mmoja spika ya masikioni, akamwangalia usoni, akasema, "Eti, mnaionaje?" Nani ataanza kusema ukweli kwa mtu anayemwangalia hivyo, tena usiku uleule atamkaangia chipsi? Na wale wawili waliojitia ukali walisema "weka hisia zaidi." Hisia zipi? Za nani? Sekunde ya ngapi? Ni sawa na kumwambia mpishi aweke ladha zaidi. Bora angeambiwa chumvi imezidi.

Mimi nilijaribu njia nyingine. Nilikata utambulisho, nikawasikilizisha watu watatu bila kuwaambia ni nani aliyeigiza wala wahusika ni kina nani: shangazi yangu, fundi cherehani wa jirani, na binti wa darasa la tano. Sikuuliza kama ni nzuri. Niliuliza wamesikia watu wangapi, kila mtu ana umri gani, anataka nini, na ni wapi walipoanza kufikiria mambo mengine. Shangazi alihesabu watu wanne. Fundi alisema mama mkwe ni yule babu wa mwanzo, ila safari hii kavaa kitenge. Binti wa darasa la tano alidai yule mtoto ni mtoto kweli, akataka kujua anasoma shule gani. Kwa zimwi alicheka. Majibu hayo matatu nikampelekea mwenyewe kama yalivyo, pamoja na sekunde zake, na tukakaa nayo jioni nzima. Hakukasirika, isipokuwa kwa kitenge.

Kwa sisi wa kalamu jaribio hilo ni la bure. Chukua ukurasa wa mazungumzo ya hadithi yako, funika majina, mpe mtu asome. Akishindwa kujua nani ni tajiri na nani ni mpangaji, ujue wote wanapumua kwa pumzi yako. Nimehariri hadithi za wenzangu ambamo muuza karanga na waziri wote husema "kwa hakika" na "ilhali." Muuza karanga yupi huyo? Nionyesheni nimnunulie karanga.

Tumekubaliana mengi. Kinanda kimeondoka, zimwi limepumzishwa, mtoto anatangulia, na yote yatakuwa na urefu wa dakika 1 na sekunde 10. Tunachobishania ni Mmasai. Yeye anasema wateja wanataka kucheka na mlinzi anachekesha, na kwamba mimi naweza kujidai kwa sababu riwaya yangu haijamlisha mtu bado. Hoja yake ina nguvu, sikatai. Nimemwambia ambakize mlinzi na lafudhi yake, ila ampe woga, au deni, au mke aliye mbali, kisha tumsikilizishe tena fundi cherehani. Jumamosi anarudi kurekodi, safari hii chumbani kwake, kati ya magodoro mawili ya kuazima. "Umekuja" ya mama mkwe ataisema mara kumi, na karatasi ataiacha kwangu.