Sista na Barafu

Jua la Kariakoo likishapanda, utadhani adui wa chanjo ni joto tu. Sista anayepeleka chanjo ya HPV mashuleni huihofia zaidi baridi. Chanjo hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, chembe za alumini zinazoisaidia kuamsha kinga ya mwili hushikana mabonge, na nguvu yake hupotea hata ikiyeyuka. Alama iliyobandikwa kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto. Kwa baridi haisemi kitu.

Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kupanga sanduku la chanjo, huzitoa pakiti za barafu kwenye friza na kuziacha mezani. Huinua moja, akaitikisa sikioni. Kimya. Huirudisha. Baadaye huitikisa tena, mpaka asikie barafu ikigonga ndani ya maji. Nje makuli wanapiga kelele mikokoteni yao ipishwe, bajaji zinapiga honi, shuleni wanamngoja. Yeye anangoja barafu. Subira hiyo naiheshimu sana.

Anachokilinda kimetoka mbali. Harald zur Hausen, aliyeonyesha kwamba kirusi cha HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ndani ya kichupa mna maganda matupu ya protini, hayana vinasaba, wala hayawezi kuambukiza. Mwili huyaona kama kirusi chenyewe na kutengeneza kingamwili. Tanzania ilianza kuitoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili. Kisha utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukaonyesha kwamba hata dozi moja huamsha kinga inayodumu. Mwaka 2024 nchi ikahamia dozi moja.

Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ya sista ilipoongezeka uzito: hakuna tena dozi ya pili ya kufidia kichupa kilichoganda. Na Taasisi ya Saratani Ocean Road haiko mbali na hapa; wanawake wengi hufika huko ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Shuleni, sauti yake ni ya upole: “Legeza mkono, mwanangu.” Sindano huingia wima kwenye msuli wa bega, nusu mililita, ikatoka. Hasugui. Sindano hutupwa bila kufunikwa kwenye sanduku lake la usalama, na msichana huketi benchi dakika 15, maana wa rika lake huweza kuzirai. Sista humwita anayefuata, jicho moja likiwa bado kwenye benchi.