Ipime kwa Marehemu: Mwongozo wa Kuitazama Upya Twin Peaks

Ukiletewa nakala ya Twin Peaks, anza kuikagua kwenye jicho la Laura Palmer. Katika sehemu ya kwanza, mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, anachezesha kanda ya video ya nyumbani. Wasichana wawili wako kwenye pikiniki mlimani, wanacheza dansi na kucheka. Laura, mmoja wao, tayari ni maiti tunapomwona hapo. Cooper anasimamisha picha, anaivuta karibu, na ndani ya jicho la marehemu inaonekana pikipiki. Kumbe wasichana hawakuwa peke yao. Katika nakala mbovu jicho hilo ni doa jeusi, na utabaki kumwamini Cooper kwa mdomo tu. Katika nakala njema utaiona pikipiki wewe mwenyewe.

Huu ni mwongozo wa kuipima tamthilia ya mauaji unapoitazama mara ya pili, ukiwa umeshamjua muuaji. Nimetumia kazi ya David Lynch na Mark Frost, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 8 Aprili 1990, kwa sababu sijaona nyingine inayostahimili kurudiwa kiasi hiki. Sitamtaja muuaji. Kuna jirani yako ambaye hajaitazama.

Kwanza, hesabu sehemu

Nakala yangu ya kwanza niliichukua kwenye duka la muvi kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi. Ilianza na Cooper akining'inia miguu juu, kichwa chini, katika chumba cha hoteli, akizungumza na kinasa sauti chake. Nilidhani huo ndio mwanzo. Miezi ikapita kabla sijajua kwamba nilikuwa nimenyimwa saa moja na nusu ya kwanza, ile inayobeba msiba wote. Muuzaji hakuwa na hatia. Hata seti rasmi ya DVD iliyotoka Marekani mwaka 2001 haikuwa na sehemu ya kwanza, kwa sababu haki zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Ni seti ya mwaka 2007 iliyoziunganisha sehemu zote.

Kwa hiyo hesabu. Awamu mbili za mwanzo zina sehemu 30. Ya kwanza huchukua takriban dakika 94. Ukiona imezidi hapo kwa dakika 20 hivi, umepewa toleo lililotengenezwa kwa soko la video la Ulaya, ambalo lilibandikwa mwisho wa kufunga kesi usiku huo huo. Litazame baadaye kama kitu cha kumbukumbu. Ukianza nalo, unaiua hadithi kabla haijasimama.

Kagua pia umbo la picha. Kazi hii ilipigwa picha kwa umbo la televisheni za zamani, nne kwa tatu. Nyuso zikionekana zimetanuka, televisheni yako inaivuta picha; irekebishe, uiache mistari myeusi ikae pembeni. Kisha sikiliza. Nyumbani kwa akina Palmer kuna feni juu ya ngazi, na mvumo wake unatisha kuliko silaha yoyote. Spika ndogo za televisheni bapa humeza sauti hiyo. Vaa vipokea sauti vya masikioni.

Pili, angalia nani analia

Hapa ndipo wajuzi na wapitaji hutengana. Katika tamthilia dhaifu mwili huonekana dakika ya tatu, na kufikia dakika ya tano kila mtu anasaka alama za vidole. Marehemu ni tikiti ya kuingilia tu.

Tazama sasa darasa la Laura. Polisi anaingia na kumnong'oneza mwalimu. Nje ya dirisha msichana anakatiza uwanja akipiga nduru. Donna, rafiki wa marehemu, anageuka kutazama dawati lililo tupu, na papo hapo anajua. Hakuna aliyemwambia. Mwalimu mkuu anashika kipaza sauti ili atangaze, na kilio kinamshinda. Kamera inatembea kwenye korido tupu mpaka kwenye picha ya Laura ndani ya kabati la vikombe.

Aliyekulia katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, hahitaji kufafanuliwa hapo. Katika mitaa ya Nairobi kama Maringo au Hamza, ambako ukuta wangu ni ukuta wako, habari ya kifo hutangulia simu: nduru moja, kisha milango inafunguka mmoja mmoja. Jioni turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, daftari la mchango linapita mkono kwa mkono. Twin Peaks ni mji mdogo wa kubuni wa kupasua mbao, uliopigwa picha Snoqualmie na North Bend katika jimbo la Washington, lakini matanga yake tunayajua. Na kama ilivyo kwenye matanga yetu, anayelia kwa sauti kuu anaweza kuwa ndiye mwenye siri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tatu, pima ndoto

Watu wengi hudhani mambo ya ajabu ni rahisi kuyatengeneza. Weka moshi, weka kinanda, basi. Kipimo changu ni hiki: je, ajabu hiyo ina kazi ya mikono ndani yake?

Kile chumba cha mapazia mekundu anachokiota Cooper hakina hila ya kompyuta. Waigizaji walijifunza kutamka maneno yao kinyumenyume, wakarekodiwa, kisha kanda ikageuzwa. Maneno yanarudi mahali pake, lakini pumzi inabaki imepinduka. Jaribu sentensi moja kwa simu yako utaona jasho lake. Mtu wa kutisha mwenye nywele ndefu anayeonekana katika tamthilia hii naye aliigizwa na Frank Silva, mpambaji wa seti. Kioo kilimnasa kwa bahati mbaya wakati wa kupiga picha, na Lynch, badala ya kufuta, akamwachia nafasi ndani ya hadithi. Fundi hodari hutambua bahati inapobisha hodi.

Nne, usidanganywe na jibu

Lynch hakutaka muuaji ajulikane upesi. Kituo kilishinikiza, na siri ikafichuliwa Novemba 1990. Baada ya hapo hadithi inatangatanga kwa sehemu kadhaa, na wewe mtazamaji utahisi uzito umeondoka. Inarudisha nguvu katika sehemu ya mwisho, ya Juni 1991. Jibu lilipotoka, watu wa mji ule waliacha kumzungumzia Laura.

Linganisha na ndugu yake wa karibu nasi. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? huko Wakaliga, Kampala, kwa pesa kidogo mno. Filamu inauliza nani kamuua Kapteni Alex, na inakwisha bila kutujibu. Faili za mwanzo zilifutwa, na nakala iliyobaki ni ya DVD, ikiwa na sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake. Hakuna mtazamaji anayedai arudishiwe pesa zake. Swali lililoachwa wazi linaweza kutembea na mtu miaka mingi.

Tano, rudi kwa aliyekufa

Hiki ndicho kipimo kinachobeba vingine. Ukishamjua muuaji, unarudi kwa nani? Mwaka 1992 Lynch alitoa filamu ya Fire Walk with Me, inayofuata siku saba za mwisho za Laura. Ilipokelewa vibaya. Mimi naiona kuwa moyo wa kazi yote, kwa sababu hatimaye msichana aliyekuwa picha ndani ya fremu anazungumza, anaogopa, anapigania nafsi yake.

Makadara, upande wetu wa Nairobi, inalijua jambo hili la kurudi kwa aliyekufa. Mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo inabeba jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Waliomuua hawana mtaa.

Rudi basi kwenye ile kanda ya pikiniki. Sheryl Lee aliajiriwa awe maiti na picha ya ukutani, si zaidi. Lynch alipomwona akicheza dansi pale mlimani, akaona kipaji kikubwa mno kuachwa kimelala, akamtungia mhusika mwingine aliye hai. Mara hii iache pikipiki. Mtazame Laura anavyogeuka na kucheka kabla Cooper hajaisimamisha picha, na ukitamani asiisimamishe, umeshaipima kazi hii.