Kidole Gumba Kinapohama Mguuni

Kijana wa Awendo au Ndhiwa anayetaka kupiga gitaa la kantri hukutana na shida ambayo video za mafunzo haziigusi. Masikio yake yameshiba nyuzi za benga, muziki wa gitaa wa Waluo, tangu utotoni: benga kwenye matatu, benga kwenye matanga, benga sokoni. Kushika kodi hakumsumbui sana. Ila akijaribu kupiga kama Merle Travis, mkono wa kulia unamgomea, na kinachotoka ni benga iliyopotea njia. Nimewafundisha kadhaa wa aina hiyo, na siku hizi kitu cha kwanza ninachokitazama ni kidole gumba.

Travis alizaliwa Kentucky mwaka 1917, na alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba hutembea kwenye nyuzi nene, pigo moja kwa kila hesabu, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja. Ubavu wa kiganja hulala kidogo karibu na daraja la gitaa ili sauti ya besi ikatike mapema, iwe kavu. Kwenye kodi ya C, gumba hugonga uzi wa tano, kisha wa nne, tena wa tano, tena wa nne. Kidole cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba na kuimba juu ya mwendo huo, mara nyingi katika nafasi zilizo kati ya mapigo.

Vidole viwili tunavijua hata kwetu Afrika. Jean-Bosco Mwenda alipiga hivyo huko Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo, ambako mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. George Mukabi naye alipiga hivyo katika omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, huku chupa ya Fanta ikilia pembeni. Chupa ile ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ndiyo inayoshika mwendo, na gitaa likapata ruhusa ya kuchezacheza.

Kwenye nyatiti ya Waluo, kazi hiyo ya chupa imepewa mguu. Jathum, yaani mpigaji, huketi na chombo chake cha nyuzi nane, mikono yote miwili ikidonoa, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa oduong'o, pete ya chuma anayoigonga kwenye ukingo wa nyatiti. Mguu unahesabu, mikono inasema. Vijana wa miaka ya 1960 walipoupeleka muziki huo kwenye gitaa la umeme, akiwamo D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, hesabu ikahamia kwenye ngoma. Besi ya benga ikawa huru. Inaruka, inanyamaza, inarudi mahali usipoitegemea, na uzuri wake wote uko hapo.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu amerithi sikio la benga, na gumba lake halijawahi kupewa kazi ya kuhesabu. Linataka kurukaruka kama besi ya Shirati Jazz, bendi ya Misiani. Kumwambia apige taratibu hakusaidii, maana ataruka vilevile, ila polepole.

Ninachofanya ni kumvua kiatu. Mguu ugonge sakafu kama wenye oduong'o, na kila unaposhuka, gumba la mkono lishuke nao, uzi wa tano, uzi wa nne. Wiki nzima, hakuna kidole cha shahada. Inachosha, najua, na wengine huacha hapo. Wiki ya pili naongeza noti moja, uzi wa pili, ipigwe pamoja na gumba kwenye hesabu ya kwanza. Noti hiyo ikikaa, nasogeza nyingine baada ya hesabu ya pili, pale pembamba ambapo gumba limetoka uzi mmoja na halijafika mwingine. Halafu namwomba asimamishe mguu. Wengi huanguka hapo mara nyingi kabla gumba halijaibeba hesabu peke yake.

Tatizo la pili limejificha zaidi. Dholuo ni lugha ya toni, na gitaa la solo la benga hufuata sauti ya mwimbaji kwa karibu, neno linapopanda nalo linapanda. Kijana akiimba wimbo wa kantri wa Jim Reeves atataka solo isindikize kila silabi, na wimbo unasongwa. Gitaa la kantri hungoja mstari uishe, likajibu kwa noti tatu au nne, likanyamaza. Hapa sina zoezi la vidole. Namwambia aimbe mstari mikono ikiwa mapajani, asikilize pale pumzi inapokatika, na aguse nyuzi hapo tu.

Mmoja wao, kijana wa Homa Bay, alifika mwezi wa tatu gumba likitembea lenyewe, akapiga kodi ya C hadi G bila kuyumba. Nilitazama chini. Kiatu kilikuwa mguuni, kimetulia, na ndani yake kidole gumba kilikuwa bado kinainua ngozi ya kiatu, hesabu kwa hesabu.