Bayocha hushika maji? Tuuulize mchanga wa Mtwara

Msomaji, kama unasoma kilimo au mazingira, sentensi hii umeshaiona, na pengine umeshaiandika kwenye andiko lako la utafiti: bayocha hushika maji na virutubisho kwenye udongo wa kichanga. Bayocha, kwa ambaye neno ni geni, ni mkaa wa mabaki ya mimea yaliyochomwa kwenye hewa kidogo, ila huu unakwenda shambani badala ya jikoni. Sentensi ni fupi na inapendeza. Lakini ukimpelekea mkulima wa Nanyamba au Tandahimba ikiwa hivyo hivyo, unaweza kumlia msimu mzima.

Hebu tuipime kwa kusoma makala moja ambayo hutajwa sana kuitetea. Ni ya Claudia Kammann na wenzake, ilitoka mwaka 2015 katika jarida la Scientific Reports. Walipanda kwinoa, nafaka ya milima ya Andes, kwenye vyungu vya udongo wa kichanga usio na rutuba. Vyungu vingine walitia mkaa mtupu, vingine mkaa ulioivishwa pamoja na mboji, kwa asilimia 2 ya uzito wa udongo. Mkaa ulioivia ndani ya mboji ulikuza mimea hadi mara tatu hivi. Na ule mtupu? Ulishusha ukuaji hadi asilimia 60 ya vyungu visivyotiwa mkaa. Tena madhara yake yalikuwa makubwa zaidi pale virutubisho vilipokuwa haba. Kumbe anayeumia zaidi ni mwenye udongo maskini, yule yule tunayetaka kumsaidia!

Hapo ndipo ubora wa makala ulipo, na ndipo wanaoitaja wanapoparuka. Naitreti, chakula kikuu cha mmea, ina chaji hasi. Udongo mwingi nao una chaji hasi, kwa hiyo naitreti haina pa kujishikiza. Mvua kubwa ikinyesha, inazama nayo hadi chini ya mizizi. Kammann na wenzake waliosha chembe za mkaa ulioivia kwenye mboji mara kwa mara, wakakuta zimebeba naitreti na fosfeti nyingi, na sehemu kubwa ya naitreti haikutoka kirahisi. Mwaka 2017, Nikolas Hagemann na wenzake walieleza katika Nature Communications kwamba ndani ya mboji mkaa huvikwa utando mwembamba wa mata ya ogani, na utando huo husaidia kushika virutubisho. Mkaa uliotoka tanurini leo hauna utando huo. Kwa hiyo usiuhukumu mkaa kabla hujauliza umepitia wapi.

Sasa tuje kwenye maji. Mwaka huo huo wa 2015, Simon Jeffery na wenzake walichapisha katika jarida la Geoderma jaribio la shambani, kwenye udongo wa kichanga wa Uholanzi. Mkaa wao wa nyasi haukubadilisha kwa maana uwezo wa udongo kushika maji. Sababu mojawapo: mkaa wenyewe ulikuwa unakataa maji, kama kitambaa kilichopakwa nta.

Hata pale mkaa unapokubali maji, kuna mtego. Ukipima chungu kwenye mizani utaona kimekuwa kizito, utaandika "maji yameongezeka". Lakini maji yaliyonaswa kwenye vitundu vidogo mno mzizi hauwezi kuyanyonya. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katikati, mwishoni mwa Januari au Februari, mara nyingi mvua hukatika kidogo. Mchanga wa uwanda wa Makonde hupitisha maji haraka. Ndiyo maana watu wa juu huko walishuka mabondeni kuyatafuta kwa vizazi vingi. Swali la kwetu basi ni hili: mvua ikikatika, mche unadumu siku ngapi zaidi kabla haujanyauka? Mizani haijibu swali hilo. Mche ndio unaojibu.

Kuna jambo lingine ambalo vyungu vya Ujerumani havikuwa na sababu ya kulipima: salfa. Wakulima wa korosho wa kusini wamenyunyizia mikorosho unga wa salfa kwa miongo kadhaa ili kuzuia ubwiri unga. Salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuriki. Amos Majule na wenzake waliandika kuhusu athari hizo kusini mwa Tanzania mwaka 1997. Salfeti ikizama na maji haiendi peke yake, inaondoka na kalisi na magnesi. Majivu yaliyomo kwenye mkaa hupunguza asidi, na kwa maoni yangu hapa ndipo bayocha ina hoja nzito zaidi Mtwara kuliko kwenye maji. Ila hoja hiyo inahitaji misimu kadhaa chini ya mikorosho yenyewe. Ndoo ya wiki sita nyuma ya maabara haitaionyesha.

Mwisho, kiasi. Asilimia 2 inasikika kama chumvi kwenye mboga, si ndiyo? Piga hesabu. Ekari moja, kina cha sentimita 15, mchanga wa tani moja na nusu kwa mita ya ujazo: hiyo ni takriban tani 910 za udongo. Asilimia 2 yake ni tani 18 za mkaa. Kuzipata unahitaji zaidi ya tani 50 za mabaki makavu. Yatoke wapi? Mtu mwenye haraka ataangalia mikoko ya mdomo wa Ruvuma, ambayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma imewekwa tangu mwaka 2000 kuilinda. Hapo tutakuwa tumetibu shamba kwa kuua mazalia ya samaki.

Sasa badilisha swali. Mikorosho hupandwa mita 12 kwa 12, yaani miche 28 kwa ekari. Shimo la sentimita 60 kila upande lina udongo wa kilo 320 hivi. Asilimia 2 ni kilo 6 na nusu, karibu debe moja la mkaa uliopondwa. Ekari nzima inataka kilo 180 tu. Hizo zinapatikana kwa matawi yaliyopogolewa, magunzi na pumba za mpunga wa bonde la Ruvuma. Maganda ya korosho yaache kwa wenye tanuri maalumu, maana mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake ni mkali.

Kwa hiyo, ukiandika andiko lako, ifute ile sentensi. Andika hivi: mkaa ulioivishwa kwenye mboji, ukitiwa shimoni, huenda ukapunguza naitreti inayozama na asidi inayopanda. Kisha kinga maji yanayovuja chini ya shimo, uyapime. Na kabla hujamshauri mtu yeyote, dondosha maji juu ya mkaa wako. Tone likibaki limesimama, mkaa huo bado haujawa wa shamba.